Karatasi za Banani na Watu wa Kusini

Katika kisiwa cha Pemba, si mbali na mji wa Chake Chake, pana mahali paitwapo Banani. Mwaka 1897 Waingereza wachache wa jumuiya ya kidini ijiitayo Marafiki walipata hapo shamba la mikarafuu, wakaanzisha misheni, na punde si punde wakaanza kuandika. Waliandika barua, taarifa na vijitabu vyembamba vya kusambaziwa watu wa kwao, ili wajue fedha yao inafanya kazi gani ng'ambo ya bahari. Aliyeiongoza kazi ile Pemba ni Theodore Burtt. Aliyeitangaza Uingereza kwa kalamu ni Henry Stanley Newman, ambaye mwaka 1898 alitoa kitabu alichokiita kwa jina la shamba lenyewe, *Banani*, kuhusu safari ya Unguja na Pemba kutoka utumwani kwenda kwenye uhuru.

Msomaji atauliza: mtu wa Mkunya, huku juu Newala, ambako bahari tunaisikia tu kwa wanaoteremka Lindi na Mtwara, ana haja gani na karatasi za Pemba? Haja yangu ni kwamba wengi wa watu wanaotajwa humo hawakuwa Wapemba kwa asili. Walikuwa Wayao, Wamakua, Wamakonde, Wamwera na wale walioitwa kwa jina la jumla Wanyasa. Walitoka huku kwetu na ng'ambo ya Ruvuma, wakapitishwa Kilwa, wakavushwa bahari.

Tukumbuke kwa nini Pemba. Mwezi wa Aprili 1872 kimbunga kikubwa kiliipiga Unguja, kikaing'oa mikarafuu mingi sana. Pemba haikuumia kwa kiasi kile, na kuanzia hapo ndiyo ikawa kisiwa cha karafuu hasa. Karafuu ni zao linalotaka mikono mingi kwa wakati mmoja, maana vikonyo visipochumwa kwa siku zake hufunguka maua na thamani huanguka. Mwaka uliofuata, 1873, Sultani Barghash alilifunga soko la watumwa la Unguja kwa shinikizo la Waingereza. Kwa hiyo soko lilifungwa wakati uleule mahitaji ya watumwa Pemba yalipokuwa yakipanda. Biashara haikufa, ila ilihamia usiku na kwenye vichochoro vya pwani.

Huku kwetu athari zake zinaonekana hata katika namna watu walivyokaa. Uwanda wa Makonde hauna mito. Wazee wetu waliteremka mabonde marefu kuteka maji na kuyapandisha kichwani, na mgeni hujiuliza kwa nini mwenye akili timamu ajenge juu pasipo maji na kuyaacha mabonde yenye maji. Jibu mojawapo ni vichaka. Vichaka vizito vya uwanda huu vilikuwa ngome dhidi ya wateka watu. Watu walichagua kiu kuliko pingu.

Sasa niwaeleze hao Marafiki, kwa kuwa hawajulikani sana kwetu kama Waanglikana na Wabenedikto. Waingereza wenzao waliwabandika jina la dhihaka, Quakers, maana yake watetemekao, nasi tunaweza kuwaita Wakweka. Walianza Uingereza katikati ya karne ya 17. Hawana makasisi katika desturi yao ya asili, hukaa kimya ibadani mpaka mtu ajisikie kusukumwa na Roho kusema, na katika vikao vyao hawapigi kura. Karani wao husikiliza, kisha huandika uamuzi palepale kikaoni na kuusoma mbele ya wote mpaka wote waridhike na maneno. Jambo hili wapenzi wa lugha na walitazame vizuri. Kwao uamuzi haujawa uamuzi mpaka sentensi yake imekubaliwa. Ndiyo maana ni watunzaji wa kumbukumbu wasio na mfano: watu wanaobishana juu ya neno kikaoni hawatupi karatasi baada ya kikao.

Juu ya utumwa, nao hawakuzaliwa safi. Wakweka wa Marekani walimiliki watumwa kama majirani zao. Mwaka 1688 wachache wao huko Germantown, Pennsylvania, waliandika waraka wa kupinga jambo hilo, na wenzao wakauweka pembeni. Ilichukua karibu miaka 90, hadi 1776, mkutano wao mkuu wa Philadelphia kumkataza Rafiki yeyote kumiliki mtu. Huko London, kamati iliyoundwa mwaka 1787 kupiga vita biashara ya watumwa ilikuwa na watu 12, na tisa kati yao walikuwa Wakweka. Silaha yao kubwa ilikuwa kijitabu: karatasi chache zilizokunjwa na kushonwa, bei rahisi, zinazopita mkono kwa mkono. Banani ni mtoto wa mwisho mwisho wa ukoo huo wa vijitabu.

Kuna jambo la lugha hapa ambalo limenifurahisha kwa muda mrefu, na naomba mnivumilie nilieleze. Wakweka wa zamani walikataa kuzitaja siku za juma kwa majina ya Kiingereza kwa sababu majina hayo ni ya miungu ya kale. Wakazihesabu tu: Siku ya Kwanza, Siku ya Pili, na kuendelea. Siku ya Kwanza kwao ni Jumapili. Sisi Waswahili nasi tunahesabu, lakini tunaanzia Jumamosi, kwa hiyo siku ya kwanza ya Mkweka ni siku ya pili yetu. Kwa hesabu hiyo siku yetu ya tano ni Jumatano, ya kwake inaangukia Alhamisi. Na je, Alhamisi ni nini? Ni "ya tano" ya Kiarabu, maana Waarabu nao huanzia Jumapili. Kiswahili kimezibeba tano mbili zikifuatana, moja ya Kibantu na moja ya Kiarabu, na hakuna mtu anayelalamika. Mkweka aliyefika Pemba na tarehe zake za namba angekuta nchi ambayo tayari ilikuwa ikifanya alichodhani ni desturi yake peke yake, tena katika hesabu mbili. Hata miezi tuliihesabu kuanzia kufungua: Mfungo Mosi, Mfungo Pili, Mfungo Tatu.

Lakini palikuwapo na mahali ambapo lugha hizo mbili zisingepatana kirahisi. Wakweka walikataa vyeo katika mazungumzo. Hawakuvua kofia mbele ya mkubwa, na walimsemesha mfalme kwa kiwakilishi kilekile walichomsemeshea mchunga ng'ombe. Kiswahili cha mashamba ya Pemba kilijengwa juu ya vyeo. Neno *bwana* lilimtaja mwenye mtumwa, likamtaja mume, likamtaja Mwenyezi Mungu. *Shikamoo*, ambayo leo tunawafundisha watoto kama adabu njema, husemwa kwamba asili yake ni "nashika miguu yako". Sisemi tuiache. Nilidai shikamoo kwa wanafunzi wangu miaka yote ya kazi na sijutii. Nasema tu kwamba neno lina safari yake, na sehemu ya safari hiyo ilipita katika mashamba ya karafuu.

Turudi kwenye mwaka 1897. Miaka miwili kabla, 1895, Donald Mackenzie alitumwa na chama cha Uingereza cha kupinga utumwa kuja kuchunguza hali ya Unguja, Pemba na pwani, na taarifa yake ilichapishwa na kuwasha moto London. Tarehe 6 Aprili 1897 Sultani Hamoud bin Mohammed alitia saini amri iliyoondoa hadhi ya kisheria ya utumwa. Watu wengi hudhani siku hiyo watumwa waliachwa huru. Sivyo. Amri ilisema kwamba tangu hapo mahakama hazitatambua madai ya mtu kummiliki mtu. Aliyetaka uhuru ilimpasa aende mwenyewe akauombe, na mwenye mtumwa alilipwa fidia. Masuria waliachwa nje ya amri hiyo, wakihesabiwa kama wake, na mlango wao haukufunguliwa sawasawa mpaka mwaka 1909.

Kisha kulikuwa na kifungu ambacho naona ndicho kiini cha habari nzima ya Banani. Aliyetambuliwa kuwa huru alitakiwa athibitishe kwamba ana makao maalumu na njia ya kujikimu, la sivyo angetangazwa mzururaji. Hebu fikirini. Mtu ametekwa akiwa mtoto ng'ambo ya Ruvuma, amekaa miaka 20 katika shamba la bwana wake, nyumba ni ya bwana, kiwanja ni cha bwana. Anakwenda kuomba uhuru, anaulizwa: unakaa wapi? Wengi walijibu swali hilo kwa kurudi kulekule na kufanya mapatano: nitakufanyia kazi siku tatu kwa juma, nawe niachie nikae na nilime. Huo ndio uhuru uliopatikana katika mashamba mengi.

Hapo ndipo shamba la Marafiki lilipokuwa na maana. Banani ilikuwa anwani. Aliyeruhusiwa kukaa hapo na kulipwa ujira alikuwa na jibu la kumpa afisa. Burtt na wenzake pia waliandika Uingereza kulalamika kwamba serikali inajikokota, na kwamba watumwa wanaokwenda kuomba haki yao wanapata vikwazo. Jambo la kuchekesha kidogo ni kwamba kamishna wa utumwa wa Pemba alikuwa John Prediger Farler, ambaye zamani alikuwa mmisionari wa UMCA kule Magila. Kwa hiyo mmisionari wa zamani alikalia kiti cha serikali na wamisionari wapya wakamwandikia mashitaka.

Hata hivyo, nisiwapambe Marafiki kupita kiasi. Shamba lao lilikuwa shamba la karafuu. Waliamini kazi ya kila siku kwa saa maalumu na ujira maalumu ndiyo itakayomfanya mtu kuwa mtu, na imani hiyo haikuwa mbali sana na ile ya maofisa waliohofia karafuu kukosa wachumaji. Tena waliandika kwa Kiingereza, kwa wafadhili. Mtu aliyeachwa huru anaingia katika vijitabu kama mfano: huyu alikuwa na makovu, sasa ana nyumba. Sauti yake yenyewe, kwa lugha yake yenyewe, ni nadra kuisikia.

Ukitaka kumsikia, nenda kwenye maneno. Kiswahili cha karne ya 19 kilikuwa na msamiati wa utumwa uliopangwa kwa ngazi, na kamusi za wamisionari zimeuhifadhi. Aliyefika karibuni kutoka bara aliitwa *mjinga*. Neno hilo halikumaanisha tu asiye na akili, lilimaanisha mgeni asiyejua bado lugha na desturi za pwani. Mtu wa kwetu mwenye akili ya kusoma nyayo za mnyama na kutengeneza mtego alishuka jahazini akawa mjinga. Mwanawe aliyezaliwa huko alikuwa *mzalia*, amepanda ngazi moja. Aliyetoroka alikuwa *mtoro*, neno tuliloliokota na kulitumia kwa watoto wanaokwepa shule. Mtumwa mwenza alikuwa *mjoli*, neno zuri na la huzuni, ambalo siku hizi utalikuta katika Biblia ya Kiswahili na kwa washairi wachache wapendao maneno ya kale. Na *kibarua* je? Ni barua ndogo. Mfanyakazi wa kutwa alipewa kikaratasi cha kuonyesha kwamba amefanya kazi, na kikaratasi kikampa jina mtu mwenyewe. Kabla mtu wa shambani hajajua kusoma, karatasi ilikuwa imekwisha kumwita kwa jina lake.

Kwa neno *heshima* nawaelekeza kwenye kazi ya mwanahistoria Elisabeth McMahon, ambaye mwaka 2013 alitoa kitabu juu ya utumwa na uhuru huko Pemba. Anaonyesha kwamba neno hilo lilibadilika wakati huohuo tunaouzungumzia. Zamani heshima ilikuwa mali ya wenye nasaba na mamlaka: ulikuwa nayo kwa kuzaliwa au hukuwa nayo. Baada ya uhuru, waliokuwa watumwa waliidai kwa mwenendo: kwa kuvaa vizuri, kwenda msikitini, kulipa deni, kuishi vyema na majirani. Leo tunaposema kwamba kila mtu anastahili heshima, tunasema kwa maana waliyoipigania wale waliokuwa hawahesabiwi kuwa nayo.

Sasa nilinganishe na yaliyotokea upande wetu. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa UMCA alichukua kundi la watu zaidi ya 50 waliokombolewa utumwani, akawatoa Unguja, akapandia Lindi kwa nia ya kuelekea Nyasa. Walipofika Masasi wakakaa. Masasi ya Kikristo ilianza hivyo, kama kijiji cha waliorudi. Baadaye, mwaka 1882, Magwangwara wakakivamia na kukichoma, wakachukua mateka, na kazi ya misheni ikahamia Newala. Watu waliokwisha kutekwa mara moja na kukombolewa wakatekwa tena, hatua chache tu kutoka nchi waliyozaliwa.

Tofauti na Banani ni kwamba misheni hii iliweka kalamu mikononi mwa waliokombolewa, na kalamu ikaandika Kiswahili. Katika shule ya Kiungani, Unguja, wavulana waliandika habari za kutekwa kwao. A. C. Madan akazikusanya na kuzichapisha mwaka 1887, ingawa kwa tafsiri ya Kiingereza, jambo ambalo mpaka leo linaniuma kama mwalimu wa lugha. Kuanzia mwaka 1888 Kiungani ilikuwa na gazeti la *Msimulizi*, la Kiswahili, lenye habari za vituo vya misheni. Kiswahili chake ni kikavu, cha sentensi fupi fupi, mara nyingine cha shule mno, lakini ni chao. Na Cecil Majaliwa, Myao aliyetekwa utotoni, alipewa upadri mwaka 1890 na kufanya kazi Chitangali, katika nchi hii hii. Jina Majaliwa lisomeni polepole: ni yale mtu aliyojaliwa.

Kuna jambo jingine linalowakera watu ninapolitaja. Wakati Myao wa Pemba aliweza kwenda mahakamani kuomba uhuru kuanzia mwaka 1897, nduguye aliyebaki bara chini ya Wajerumani hakuweza. Wajerumani walitangaza tu kwamba watoto watakaozaliwa baada ya mwisho wa mwaka 1905 watakuwa huru. Utumwa katika Tanganyika ulifutwa kisheria na Waingereza mwaka 1922. Miaka 25 ilipita kati ya amri ile na hii. Kwa mizani ya sheria peke yake, aliyepelekwa mbali aliupata uhuru kabla ya baadhi ya waliobaki nyumbani.

Karatasi zenyewe sasa zimetawanyika. Za Marafiki ziko katika maktaba yao ya Friends House, Barabara ya Euston, London. Za UMCA ziko Oxford. Za serikali ya Zanzibar, pamoja na kumbukumbu za utumwa na za fidia, zinatunzwa katika Nyaraka za Taifa pale Kilimani, Unguja, na anayetaka kuisikia Pemba hawezi kuzipita. Anayezisoma hizi na zile kwa pamoja huona jambo ambalo moja peke yake haionyeshi. Taarifa ya misheni ina hadithi bila jina. Daftari la serikali lina jina bila hadithi.

Katika madaftari ya aina hiyo mtu huandikwa jina na kabila, na safu ya kabila ndiyo inayonishughulisha zaidi. "Mnyasa" ilikuwa kapu. Ndani yake walitiwa watu wa lugha nyingi, kwa sababu karani alisikia "kusini" akaandika Nyasa. Tena katika hesabu za watu za miaka ya 1920 na 1930 majina ya Wayao na Wanyasa yanapungua, na majina mengine kama Mshirazi yanaongezeka. Watu hawakufa wote. Walihamia katika jina lisilokuwa na kovu. Nani awalaumu? Karatasi ina nguvu ya kumfanya mtu awe wa mahali au asiwe. Wamakonde wa Kenya walitembea kwa miguu kutoka Kwale kwenda Nairobi mwaka 2016 kudai kutambuliwa kuwa raia, na mwaka 2023 Wapemba wa Kenya nao wakatambuliwa. Makabila hayohayo mawili tunayoyazungumza hapa, na karatasi ileile.

Lakini kuna mahali ambapo watu wa kusini hawakufutika visiwani, napo ni unyago. Ngoma ya unyago ya Unguja, ile iliyoheshimishwa duniani na marehemu Bi Kidude, ilivushwa na wanawake waliotoka bara. Jina lake ni lilelile tunalolitumia hapa Newala tunapowacheza wali wetu. Nyimbo zake zina maneno ambayo waimbaji wenyewe huyaimba bila kuyafasiri, wakisema tu ni ya wazee. Mwanamke ambaye katika kijitabu cha Uingereza ni mfano wa rehema, na katika daftari ni Mnyasa mmoja kati ya wengi, alikuwa huenda ndiye somo aliyewafundisha wasichana wa jirani maneno hayo, na kwao alikuwa na jina na cheo.

Ombi langu kwa washairi na wapenzi wa lugha wanaoishi Unguja na Pemba ni dogo. Yakusanyeni maneno yale yasiyofasiriwa, moja moja, pamoja na mdundo wake, mtuletee huku juu. Bado tunao kina bibi wanaosema Kimakonde, Kiyao na Kimakua bila kuchanganya, na wataweza kuyatambua. Wengine wamepita miaka 80.